Siku Pweza wa Chole Waliponivua Fulana

Nianze na aibu yenyewe ili mjue mnamsikiliza mtu wa namna gani. Mimi ndiye yule jamaa aliyevuliwa fulana hadharani pale Kilindoni, uwanja umejaa, mgeni rasmi kaketi kwenye kochi, mke wangu yupo, bosi wa mke wangu yupo, mchungaji wetu yupo, na kosa lililonivua fulana ni kusema kweli. Uongo niliusema wiki kadhaa nikapewa mikono ya pongezi. Siku niliyosema kweli ndiyo siku niliyorudi nyumbani nimejifunga kitenge cha mke wangu kifuani.

Naitwa Deo. Mafia nilikuja kwa uhamisho, na uhamisho wenyewe haukuwa wangu. Mke wangu Grace ni muuguzi, akapangiwa kazi huku, nami nikafunga mabegi nikamfuata, maana kazi yangu ya kuchora mabango kule Dar es Salaam ilikuwa imejifia yenyewe (siku hizi kila mwenye simu ni mchoraji). Nilipofika nikakaa nyumbani kama pambo. Grace anakwenda kazini, mimi nafagia, nachemsha chai, nakaa barazani nawatazama watu wanaopita na baiskeli, nao wananitazama, mwanaume mzima na sufuria lake. Nikasema haiwezekani, lazima niwaonyeshe watu wa huku kitu ambacho hawajawahi kukiona. Hapo ndipo mtu wa bara anapoanzaga kupotea, anapodhani kisiwa kizima kilikuwa kimekaa kinamsubiri yeye.

Nikaanzisha chapa ya fulana, nikaiita Enzi Zile. Fulana za mtindo wa zamani, maandishi manono yaliyojipinda, rangi zilizofifia, picha ya redio ya mbao, picha ya santuri, picha ya mwanamke mwenye nywele kubwa na miwani mikubwa zaidi. Sebule ikageuka kiwanda, fremu za mbao huku, makopo ya wino kule, kamba ya kuanikia imetoka dirishani hadi kwenye friji. Na kwa kuwa fulana ya enzi zile haiwezi kung'aa kama imetoka dukani jana, kila fulana mpya niliyonunua niliiloweka kwenye majani ya chai, nikaianika, kisha nikaisugua kwa msasa mabegani na shingoni mpaka ichoke. Grace alikuwa akirudi zamu ananikuta nimepiga magoti sakafuni, nasugua.

"Hebu nieleze tena," aliniambia siku moja, kiatu kimoja bado mguuni. "Unanunua fulana mpya. Unaizeesha. Halafu unaiuza ghali kuliko mpya."

"Ni mtindo," nikamwambia. "Wewe huwezi kuelewa."

"Sokoni kuna marobota ya mitumba. Ile imezeeka bure."

Nikamwonea huruma, mtu wa sindano na bandeji, atajua nini mambo ya sanaa. Nikabeba fulana zangu nikaenda kuzipanga sokoni, na hapo wenyeji walinionyesha dharau ambayo mpaka leo naiheshimu. Mama mmoja aliishika moja, akainusa, akaigeuza, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona umetuletea ulizokwisha vaa?" Vijana wa bodaboda wakanipa jina, wakawa wanaita "mitumba mipya", ukipita unasikia, mitumba mipya huyo anapita. Waliokuwa wakinunua ni wageni wachache wanaoshukia hoteli za Utende, na hao nao wananunua fulana kama wanavyonunua dafu, wakishamaliza wanasahau.

Sasa ndipo nikachora pweza. Nilimwona kwa muuza pweza, kakatwa vipande, nikamwunganisha kichwani mwangu nikamvisha kiatu cha mpira kila mguu, viatu vinane, mpira umekaa katikati ya mikono yake, na juu nikaandika kwa herufi nono zilizopinda: PWEZA WA CHOLE. Kwa nini Chole? Kwa sababu ni jina fupi, linaenea vizuri kifuani. Chole yenyewe nilikuwa nimefika mara moja tu, Jumapili moja tulivuka kutoka Utende mimi na Grace, tukazunguka, tukanunua machungwa, tukarudi. Nikaitazama ile nembo, nikaona chini pamebaki patupu. Mchoraji hapendi patupu. Nikaongeza neno MABINGWA, na pembeni yake mwaka fulani wa sabini na kitu, ambao mimi sikuwa nimezaliwa na mama yangu alikuwa binti wa shule. Niliuchagua kwa sababu saba inapendeza ukiichora nono. Basi, hiyo ndiyo historia nzima ya timu hiyo, ilizaliwa sebuleni kwangu kati ya friji na dirisha, kujaza nafasi.

Wa kwanza kuiona alikuwa Mwalimu Masanja. Huyu ni mwalimu mstaafu, mtu wa bara kama mimi, ila amekaa huku miaka mingi hadi akajiona mwenyeji kuliko wenyeji, na mwaka ule alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandaa bonanza la michezo la vijiji. Aliinua fulana ile kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

"Bwana Deo. Hii timu ilikuwepo kweli?"

Ndugu zangu, hapo palikuwa na njia mbili. Ningesema hapana, nimebuni tu, naye angeirudisha kwenye kamba akaenda zake. Lakini mwezi ule sikuwa nimeuza kitu, na macho yake yalikuwa yameshalowa, na mimi kuna ugonjwa wa kutaka nionekane najua. Nikasema, "Ilikuwepo, Mwalimu. Ni utafiti tu ndio unafichua mambo haya."

Utafiti. Mimi ambaye sijawahi kumaliza kusoma hata karatasi ya maelezo ya dawa.

"Nilijua," akasema Masanja (alijua nini, hata leo sielewi). "Nilikuwa nawaambia wenzangu, kisiwa hiki kina historia iliyolala. Tutawaenzi hawa siku ya bonanza. Wachezaji waliobaki watavaa fulana hizi, watapita mbele ya mgeni rasmi. Watafute."

"Wengi wametangulia mbele ya haki," nikasema haraka, nikainamisha kichwa kama mfiwa.

"Basi hata mmoja."

Nilipomsimulia Grace usiku hakucheka. Aliniuliza, "Na ukikosa mchezaji?" Nikamwambia ndiyo matumaini yangu, nikikosa mambo yanaisha yenyewe, nitasema wote walishafariki, tutasimama dakika moja kuwakumbuka, tutakaa. Yaani nilikuwa tayari kusimamisha uwanja mzima kuwaombea watu ambao sikuwahi kuwachora hata nyuso.

Sikukosa. Masanja alikuwa ametangaza misikitini na kwenye vibanda vya kahawa, na asubuhi moja nafungua mlango nakuta wazee watano wameketi barazani kwangu wametulia, kofia vichwani, kama watu waliofika kudai haki. Nikawaamkia shikamoo, wakaitika marahaba kwa pamoja. Mmoja wao, mrefu, mwembamba, anaitwa Mzee Faki, ndiye aliyekuwa msemaji.

"Wewe ndiye mwenye fulana zetu?"

Zetu. Nikakaa.

"Tumevuka kutoka Chole na maji ya asubuhi," akasema Mzee Faki. "Tumesikia umeitafuta timu, tukasema si adabu mtu akutafute usitokee. Mimi nilikuwa winga wa kushoto. Huyu alikuwa golini. Huyu mpira wake ulikuwa haba, lakini tulimpanga."

Yule wa mpira haba akaitikia kwa kichwa. Na hapo wakaanza kusimulia. Mechi ya mvua, mechi ya pekupeku, mechi waliyocheza kuna mgonjwa wa macho golini, bao ambalo Mzee Faki alilifunga na mpira ukaingia migombani ukakosekana kabisa. Wanakatizana, wanasahihishana, mmoja anasema lilikuwa la kichwa, mwingine anasema kichwa gani wewe, lilimgonga tu. Mimi nawaandalia chai huku nafsi inanicheka, najisemea tazama watu wazima hawa, wananidanganya mimi niliyewabuni. Niliwadharau, nakiri, niliwaona wazee wanaotafuta fulana ya bure na pilau la bonanza. Nikawapimia fulana. Mzee Faki alipovaa yake juu ya kanzu alinyoosha mabega, akautazama mkono wake uliotokeza kwenye mkono wa fulana. Nikadhani haijamwenea.

Siku ya bonanza ikafika, na mimi nikawa sina fulana yangu, zote zimekwenda. Nikachapa moja asubuhi ile ile, wino mwingi, fulana nyepesi, nikaivaa haijakauka vizuri nikasema jua litamalizia. Grace alinitazama, akasema tu, "Matroni wangu atakuwepo. Mchungaji naye. Deo, kaa nyuma, usiongee." Nikamwahidi.

Uwanja ulijaa. Maturubai, viti vya plastiki, watoto juu ya ukuta, muziki unakata unarudi. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mstaafu, mzaliwa wa huku aliyekulia bara, na Masanja alikuwa na maiki hataki kuiachia. Akasimulia historia ya Pweza wa Chole (mwaka ule niliouchagua kwa uzuri wa saba akautaja kwa sauti ya kutetemeka), akawaita mashujaa, na wazee watano wakapita mbele ya umati. Wajukuu wa Mzee Faki walikuwa wamevuka wote, wake kwa waume, wakawa wanapiga vigelegele, "Babu huyo." Nilisimama nyuma, nimebana mikono kifuani, na nikiri kwamba nilijisikia fahari. Mwongo akiona uongo wake umevaa viatu unatembea, huona kama kajaliwa mtoto.

Ndipo akasimama Mzee Shomari wa Jibondo, kisiwa jirani na Chole.

Alikuwa kakaa upande wa pili na watu wa kwao, mfupi, kifua kipana cha fundi wa majahazi, na hakuhitaji maiki. "Mwenyekiti," akasema, "heshima tumeiona. Sasa waulize hao, kombe liko wapi?"

"Kombe gani, mzee wangu?" akauliza Masanja.

"Wamejiandika mabingwa kifuani. Ubingwa una kombe. Mwaka ule sisi Jibondo tuliwafunga. Mimi mwenyewe niliwafunga, mabao mawili, la pili kwa mguu huu. Leo wanavaa mabingwa mbele yetu, mbele ya wageni. Kama wao ndio mabingwa, walitunyang'anya, na kombe letu walirudishe."

Kelele zikaanza. Yule golikipa wa Chole akajibu kwamba bao la pili lilikuwa la kuotea. Mzee Shomari akasema kuotea kwa nani, wewe ulikuwa umekaa chini unatoa mwiba. Vijana wa Jibondo wakasimama, vijana wa Chole wakasimama, kiti kimoja kikapita hewani kikaanguka karibu na kochi la mgeni rasmi. Watu wakaanza kusukumana kweli, siyo mchezo, wanawake wanavuta watoto. Na Masanja, kijasho kinamtoka, akatazama umati akaniona.

"Yupo mtafiti wetu," akasema kwenye maiki. "Bwana Deo atatueleza kombe lilikwenda wapi. Mpisheni."

Nikapishwa, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kupishwa popote. Nikafika mbele, nikapewa maiki, uwanja ukanyamaza, na Jibondo wananitazama, Chole wananitazama, na kule pembeni Grace anatikisa kichwa pole pole, ananiambia kwa kichwa kile, usiongee. Nikaona nikisema kombe liko Chole watapigana, nikisema liko Jibondo watapigana. Nikajidanganya kwamba nina ushujaa. Nikasema:

"Ndugu zangu, hakuna kombe. Hapakuwa na timu. Pweza nilimbuni mimi, nyumbani kwangu, ili niuze fulana. Naombeni msamaha, tukae chini, tuendelee na michezo."

Halafu kijana mmoja juu ya ukuta akacheka, akafuatia mwingine, na kicheko kile hakikunijia mimi, kilikwenda kwa wazee watano waliosimama mbele na MABINGWA vifuani. Nikamwona mjukuu mmoja wa Mzee Faki, msichana mkubwa tu, anamtazama babu yake na midomo imemfunguka. Nami ndipo nikajua nilichofanya. Kujiokoa kwangu kulikuwa kumewavua nguo wazee wa watu mbele ya wajukuu zao.

Mzee Faki hakuharakisha. Alinisogelea akanyoosha mkono, nikampa maiki kama mtoto aliyekutwa na kisu.

"Bismillahi," akasema. "Huyu kijana ni mgeni wetu. Amefika juzi, amefuata mke, na mke wake anatuhudumia vizuri hospitalini, Mungu amlipe. Yeye tulipokuwa tunacheza hakuwa amezaliwa. Basi ana haki ya kutojua. Tumsamehe." Akageuka upande wa Jibondo. "Shomari. Tulicheza, hatukucheza?"

Mzee Shomari alikuwa bado amesimama, na nilimwona akipima. Angeweza kuniunga mkono, ugomvi wake ungeshinda pale pale, mabingwa wangekuwa si mabingwa. Lakini naye alikuwa na mabao yake mawili.

"Kama Pweza hawakuwepo," akasema, "mimi nilimfunga nani?"

Uwanja ulilipuka. Chole na Jibondo, ambao dakika ile ile walikuwa wanarushiana viti, wakacheka pamoja, wakapiga makofi pamoja, wakanigeukia pamoja wakisema: Mtu wa kuja anatufundisha tulichocheza. Kachukua nembo yetu hajaomba ruhusa, sasa anaikana. Kisha sauti moja ya mwanamke, shwari kabisa, ikatoka kwenye turubai: "Basi aivue. Kama haipo, kavaa nini?"

Avue, avue, wakaitikia. Nilimtazama mgeni rasmi aniokoe, naye akaniambia kwa sauti ya chini, sauti ya shangazi, "Vua tu baba, yaishe."

Nikavua. Na kumbukeni ule wino wa asubuhi, mwingi, ambao haukukauka, na jasho langu la kusimama mbele ya umma. Ulikuwa umepenya. Fulana ilitoka, pweza akabaki. Alikuwa amekaa juu ya kitambi changu na viatu vyake vyote, na chini yake, kuzunguka kitovu, imesomeka vizuri kabisa: MABINGWA.

Sitaeleza kicheko kile. Mchungaji alifunika uso kwa Biblia. Matroni aliegemea nguzo ya turubai. Hata Masanja, ambaye nilimwaibisha kuliko wote, aliinama akashika magoti. Grace alikuja katikati ya uwanja, kafungua kitenge chake cha juu, akanifunga kifuani kama anavyofunga wagonjwa, akanishika mkono tukatoka. Nyuma yetu Masanja alikuwa ameshatangaza kwamba Chole na Jibondo watarudiana.

Wiki iliyofuata nilivuka kwenda Chole kumwomba radhi Mzee Faki, maana pweza nilimsugua kwa mafuta ya taa akatoka, lakini sura ya yule msichana haikutoka. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya muhogo, kavaa fulana ile ile. Nikamwamkia, nikakaa, nikaomba msamaha, akanisikiliza hadi mwisho, akanisogezea kisu kingine nami nikaanza kumenya.

"Mzee," nikamwuliza baadaye, "tuko wawili tu. Pweza walikuwepo?"

Aliendelea na muhogo wake. "Mpira tulicheza," akasema. "Tulicheza sana, tukafungwa sana, mara chache tukafunga. Tulichokosa ni jina, na mtu wa kutuandika. Wewe ukaja ukatuandika, tena ukatuandika mabingwa. Mtu mzima akiandikwa bingwa, aende kumwambia mwandishi kwamba amekosea?"

Nilimenya vibaya, akaninyang'anya kisu.

Basi hiyo ndiyo habari yangu. Vijana wa Chole sasa wana timu kweli, inaitwa hilo jina, na fulana zao wanachapiwa mjini na mtu mwingine, mpya zinang'aa, na pweza wao ana miguu saba kwa sababu mchoraji wao hakuhesabu. Mimi nachapa sare za kwaya na za harusi. Nimeapa mbele ya Grace kwamba sitaandika tena kifuani kwa mtu jambo ambalo sikulishuhudia, na akaniambia kiapo kinasikika kizuri, nilale nacho. Juzi amekuja kijana mmoja wa hoteli za Utende anataka fulana za zamani za kuuzia wageni, zimeandikwa timu ya Kua, kule Juani kwenye magofu ambako hakuna mtu anayeishi. Nikamwambia siandiki mpaka akawaulize kwanza wazee kama timu hiyo ilikuwepo. Akaniuliza, wazee gani, pale si magofu matupu?

Nikamwambia wowote atakaowakuta. Watakumbuka.